PICHA YA BAMBA BICHI

Msomaji mpenzi, siku hizi ukitajiwa picha unafikiria simu: unabonyeza mara kumi, unafuta tisa, basi. Leo nakuletea picha zisizo na mchezo huo. Kila moja huwa ya pekee duniani, na ikipotea imekwenda na maji.

Ufundi wenyewe ulitangazwa mwaka wa 1851 na Mwingereza Frederick Scott Archer, mchongaji sanamu wa London. Hakujiwekea haki ya uvumbuzi huo. Wengi wakautumia bure, naye akafa maskini mwaka wa 1857.

Je, hufanywaje? Kwanza, bamba la kioo au la bati jeusi humwagiwa kolodioni. Hii ni pamba iliyotiwa asidi, ikayeyushwa katika etha na alkoholi, kisha ikachanganywa na chumvi maalum. Fundi huliinamisha bamba huku na huku mpaka kila pembe ienee. Pili, akiwa katika chumba cha giza, hulitumbukiza ndani ya nitrati ya fedha kwa dakika tatu hivi. Hapo ndipo bamba hupata "macho" ya kuona mwanga. Tatu, likingali linachuruzika, hutiwa kwenye kamera. Anayepigwa picha sharti atulie tuli kwa sekunde kadhaa, asicheke wala asijikune pua! Nne, bamba hurudishwa gizani, likamwagiwa salfati ya chuma ili sura itokee, kisha maji, halafu dawa ya kuizuia picha isifutike. Mwisho husuuzwa, likakaushwa na kupakwa vanishi.

Wahenga walinena haraka haraka haina baraka, lakini hapa ukizubaa dakika kumi hivi, bamba limekauka na umeambulia patupu. Tena si kazi ya kujaribia bwenini. Etha hushika moto upesi, na nitrati ya fedha ikiingia machoni yaweza kukupofusha.

Sasa utauliza, kwani mtu ahangaike hivyo kwa nini? Jibu tunalipata kwa msanii Khadija Saye, aliyezaliwa London mwaka wa 1992, wazazi wake wakiwa watu wa Gambia. Baba alikuwa Mwislamu na mama Mkristo. Khadija alitengeneza mfululizo wa picha za mabamba ya bati, akauita "Dwelling: in this space we breathe". Mwenye kuonekana ni yeye mwenyewe, na kila picha ina kitu cha jadi ya kwao. Vitu hivyo hata sisi twavijua: chetezo, mswaki wa kijiti, tasbihi, kauri, hirizi.

Angalia alivyoupanga. Wazo ni moja: mtu na imani aliyorithi. Sura ni ile ile, ila kitu kinabadilika. Na yale madoa ya kolodioni, ambayo fundi hawezi kuyatawala yote, yanafanana na moshi unaomzunguka. Yaani ufundi wenyewe unasaidia kusema jambo. Huo ndio mfululizo wa picha zenye wazo. Usiuchanganye na picha nyingi zilizorundikwa pamoja.

Mwaka wa 2017, mabamba sita yalipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Maonyesho yakiwa yanaendelea, tarehe 14 Juni, jengo la Grenfell Tower alimoishi liliteketea. Watu 72 walikufa, miongoni mwao Khadija, mwenye miaka 24 tu, pamoja na mama yake. Mabamba ya Venice yalisalimika. Yaliyokuwa nyumbani yaliungua, na picha zake zinaonekana leo kwa sababu zilikuwa zimenakiliwa kwa mashine kabla ya moto.

Ndugu msomaji, huhitaji kolodioni ili kufuata nyayo zake. Kamera yoyote yatosha. Chagua wazo moja unaloweza kulieleza kwa sentensi moja. Jiwekee masharti: mtu yule yule, mahali pale pale, kitu kimoja kwa kila picha. Kisha jiulize kila mara: hii ikitolewa, zilizobaki zitapungukiwa? Kama hapana, itoe.

Usisahau kuweka nakala mahali pengine. Na ukikosa la kupiga, muulize nyanya yako juu ya vitu vilivyomo sandukuni mwake. Mwacha mila ni mtumwa.