Tumboni mwa Chombo: Mashua Iliyopita Usui Mabegani

Sehemu ya nne

Tangu MV Mwanza iliposhushwa majini Februari 2023, vijiwe vya Biharamulo na Ngara havina jambo jingine la meli isipokuwa madaraja: nani atalala kitandani, nani ataketi kitini, daraja la juu lina nini. Meli yenyewe ina urefu wa mita zaidi ya 92, abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari madogo 20. Takwimu hizo zimekaririwa. Kuhusu uzito huo unakaa wapi, sijasikia mtu akiuliza.

Waliofuatilia makala zilizopita wanaujua mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, mbavu zake, kwa hiyo leo tuingie ndani. Chombo cha kujifunzia ni jahazi la pwani, lile lililokwenda na pepo za kusi na kaskazi kati ya Zanzibar, Lamu na Uarabuni. Mbele, omo, kuna nanga na amari, kamba yake. Katikati ndiyo ngama, tumbo la kupakia boriti, tende, chumvi na papa mkavu, na mlingoti umesimikwa juu ya mwashiri, boriti ya kuushikilia chini. Kumeachwa uwazi mmoja ambao hakuna nahodha anayeruhusu upakiwe: banduru. Maji yanayovuja hujikusanya hapo, na baharia wa zamu huyateka kwa upo, kata ya kukumbia maji, usiku na mchana. Jiko ni kasha la mbao lililojazwa mchanga ili moto usile sitaha. Nyuma, tezi, kuna shetri, baraza ya nahodha na abiria wenye heshima zao, na chini yake feuli, ambamo huhifadhiwa vitu vya thamani. Choo ni kasha linaloning'inia nje ya tezi, juu ya maji. Mgeni hufundishwa kwanza kushika kamba.

Sasa linganisha na mashua ya Henry Morton Stanley, Lady Alice. Ilichongwa Teddington, karibu na London, na fundi James Messenger: urefu futi 40, upana futi 6, mbao za mwerezi zenye unene usiofika nusu inchi, na ilikatwa vipande ili ibebwe na watu. Ndani hamkuwa na ngama wala shetri. Mlikuwa na viti vya wapiga makasia, na chini mbao za kukanyagia zisizopigiliwa. Machi 8, 1875 iliondoka Kageye ikazunguka Ziwa Victoria, usukani ukiwa mikononi mwa Wadi Safeni.

Hizo mbao za kukanyagia ndizo zilizowaokoa. Aprili 28, katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo Muleba, wenyeji walichukua makasia yote, kisha ugomvi ukazuka. Mabaharia waliisukuma mashua hadi majini wakajitupa ndani mikono mitupu. Waling'oa mbao za sakafu ya chombo chao wakapigia kafi. Stanley alirudi Agosti na bunduki nyingi, akawafyatulia watu wa Bumbire waliosimama ufukweni. Wanaomsifu kwa ramani zake wangekuwa waungwana zaidi wakiisimulia Agosti hiyo pamoja na Aprili.

Mwaka uliofuata, akitoka Karagwe kuelekea Ujiji, alipita Usui ya magharibi, nchi ambayo leo imo Biharamulo na Ngara. Mashua ikapita milima hii mabegani mwa wapagazi, kipande kwa kipande. Alice aliyepewa heshima ya jina anajulikana ukoo wake. Wapagazi hao wangapi wanajulikana? Nimekuwa nikiandika, na sitaacha kuandika, kwamba Boma la Wajerumani la Biharamulo linafaa kuwekwa mfano wa mashua hiyo uliopasuliwa ubavuni, watoto waione kwa ndani na wajaribu kunyanyua kipande kimoja. Mtoto aliyekwisha kubeba ubao huo hatadanganywa na sanamu ya mtu mmoja aliyeshika darubini. Fundi wa kuutengeneza hatuhitaji kumwagiza Ulaya. Wachonga mashua wapo kandokando ya ziwa.

Nafasi inaniishia, nami sijagusa la leo. Biharamulo ilipoteza ufuko wa ziwa Chato ilipokuwa wilaya mwaka 2005, na bandari ya Nyamirembe ikaenda nayo. Lakini watu wetu bado wanapanda meli na vivuko vya ziwa hilo. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, MV Nyerere Septemba 20, 2018, na vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita kiasi. Ukipanda, acha kwanza habari za kitanda. Tazama makoti ya kuokolea yako wapi na kama kabati lake limefungwa kufuli. Tazama kama mikungu ya ndizi imerundikwa juu, sitahani, au imeshushwa chini inakostahili kukaa. Ukiona watu wamehamia ubavu mmoja kuangalia gati, usiwafuate.

Toleo lijalo: mitumbwi ya gogo moja katika mito ya Ruvubu na Kagera.