Silaha Nyumbani, Msiba Shuleni

Tarehe 30 Novemba 2021, katika Shule ya Sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, Marekani, mvulana wa miaka 15 aliwafyatulia wenzake risasi. Wanafunzi wanne walikufa. Wengine sita na mwalimu mmoja walijeruhiwa.

Bastola hiyo ilitoka nyumbani kwao. Baba yake aliinunua dukani siku nne kabla, iwe zawadi ya Krismasi kwa kijana. Kesho yake mama akaandamana naye kwenda kujifunza kulenga shabaha.

Asubuhi ya siku ya msiba, mwalimu aliona kwenye karatasi yake ya hesabu mchoro wa bastola na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Mshauri wa wanafunzi akawasihi wampeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kukawia. Hawakuondoka naye, wala hawakutaja bastola. Shule nayo haikupekua mkoba wake, akarudi darasani. Mwaka 2024 baba na mama walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Mama msomaji, huenda una dada au binti anayelea watoto huko Marekani, ambako wapo wengi wa lugha yetu. Mfikishie haya.

Kwanza, silaha ikiwapo nyumbani, itolewe risasi na kufungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Juu ya kabati au chini ya godoro si maficho. Watoto hujua kila pembe ya nyumba. Huko Michigan, tangu Februari 2024, sheria inaamuru silaha ifungiwe palipo na watoto.

Pili, kabla mtoto hajaenda kulala kwa rafiki, uliza kama kuna silaha na imefungiwa wapi. Si utovu wa adabu.

Tatu, tazama dalili: kukosa usingizi, kujitenga, kuzungumzia au kuchora kifo mara kwa mara. Watoto wengi wenye huzuni hawamdhuru mtu, lakini wote wanahitaji kusikilizwa. Usimwambie aache utoto. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo.

Nne, mjue mshauri wa shule kabla ya shida. Chama cha washauri hao kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, lakini shule nyingi za serikali hazifikii hapo. Kwa hiyo usingoje uitwe. Na tangu 2022, mtu yeyote Marekani anaweza kupiga 988 mchana au usiku apate msaada.

Tuombe, naam, lakini tusikie pia. Samweli alipokuwa mtoto alimwendea Eli usiku mara tatu. Mara mbili mzee alimrudisha kulala. Mara ya tatu akatambua kuwa kuna jambo. Mwanao akikujia leo, hata umechoka, zima jiko, keti naye.