Mbegu ya mwani ambayo si mbegu

Maji yanapokupwa siku za bamvua, wanawake wa Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, hushuka pwani na mafungu ya kamba. Mwani waliouvuna huukatakata vipande vya kujaa kiganjani, wakavifunga kambani kimoja kimoja kwa vikamba vya taitai, kisha kamba ikakazwa baina ya vigingi viwili vilivyopigwa mchangani. Wiki sita hivi zikipita, kila kipande kimekuwa kichaka. Vipande hivyo huitwa mbegu. Lakini si mbegu hata kidogo, kama kijiti cha muhogo kisivyo mbegu. Ni mwili wa mmea uleule, umekatwa ukaendelea kuishi.

Hapo ndipo penye hatari. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mwani ulioletwa kutoka Ufilipino. Mmea unaozidishwa kwa kukatwa tu, miaka nenda miaka rudi, hubaki na asili ileile, na udhaifu wa mmoja huwa wa shamba zima. Joto la maji likizidi, matawi huwa meupe, hulegea, hukatika. Ugonjwa huo wataalamu huuita ais-ais. Unaoumia zaidi ni mwani wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya aina nyingine, spinosamu. Wapo wakulima wengi waliokwisha kuuacha, na ni hasara kubwa kwa mama aliyeutegemea kulipia daftari na sare za watoto.

Bahari yenyewe ina njia nyingine ya kuzalisha mwani. Mwani mwekundu ukikomaa hutoa spora, chembe zisizoonekana kwa macho. Spora hizi hazina mkia wa kuogelea. Huchukuliwa na maji, zikazama, zikanata kwenye jiwe, gamba au kamba. Katika mzunguko huo dume na jike hukutana, kwa hiyo watoto hawafanani, na huenda miongoni mwao akawemo anayestahimili joto.

Wapo waliokwisha kulima kwa spora. Wajapani walilima mwani wao, nori, kwa karne kadhaa bila kujua unakwenda wapi wakati wa kiangazi. Jibu lilipatikana Uingereza. Mwaka 1949 Kathleen Drew-Baker, mtafiti wa Manchester aliyepoteza ajira yake ya chuo kikuu kwa sababu ya kuolewa, alionyesha kwamba spora za mwani wa jamii hiyo hujichimbia ndani ya magamba ya kome na chaza na kuishi humo kama nyuzi nyembamba za waridi. Nyuzi hizo zilikuwa zikijulikana zamani, ila zilidhaniwa kuwa kiumbe kingine kabisa! Tangu hapo Wajapani hupanda spora kwenye maganda ya chaza ndani ya matangi, wakayalea kiangazi chote. Maji yakianza kupoa msimu wa vuli, maganda hutoa spora mpya, nazo hunaswa kwenye nyavu zinazopelekwa baharini. Huko Uto, mkoa wa Kumamoto, Drew-Baker alijengewa mnara mwaka 1963, ingawa yeye alifariki mwaka 1957.

Kotonii haihitaji magamba, ila inahitaji subira. Huchaguliwa mmea uliokomaa, wenye vipele vidogo vya uzazi kwenye matawi. Huoshwa uchafu, huachwa kivulini upungue maji kidogo, kisha hurudishwa ndani ya maji safi ya bahari yaliyochujwa. Mshtuko huo huufanya uachie spora, zikatulia juu ya kamba au vijiwe vilivyotandazwa chini ya chombo. Mwanga uwe hafifu, na maji yabadilishwe mara kwa mara, la sivyo vijimea vingine huzisonga. Spora iliyoshika hugawanyika ikawa kidoa chekundu kilicholala bapa, na kutoka hapo huinuka chipukizi. Nyingi hufa kabla ya hapo, na zinazosalia huchukua miezi kufikia ukubwa wa kufungwa kambani.

Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa mkulima mmoja mmoja. Inataka kitalu chenye matangi na watu wa kukilinda. Chipukizi bora zikishapatikana, wakulima wanaweza kuzikata na kuzifunga kwa taitai vilevile walivyozoea, na kurudi kitaluni pale tu mbegu inapochoka.