Kamba wa Kilindini Walioandikwa Mara Mbili

Kila mkulima ajua kwamba kiwavi alaye majani ya mahindi na nondo arukaye usiku ni mdudu mmoja, ingawa hawafanani hata kidogo. Lakini mtu ambaye hajapata kuona kiwavi akigeuka, je, asingeandika kwamba hao ni wadudu wawili mbalimbali? Kosa la namna hiyo liliwapata mabingwa wa elimu ya viumbe, nao walikuwa wakichunguza kamba wadogo wakaao katika sakafu ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani, wakiongozwa na Peter Rona, waligundua chemchemi za moto mahali paitwapo TAG, katikati ya bahari hiyo. Kina chake ni kama mita 3,600, yaani zaidi ya theluthi mbili za kimo cha Mlima Kenya. Maji yatokayo katika chemchemi hizo ni meusi kama moshi, na joto lake hufika kiasi cha digrii 360. Mwanga wa jua haufiki kabisa. Hata hivyo kando ya chemchemi walikutwa kamba wengi mno, wamesongamana kama nyuki mzingani.

Mwaka 1986 aina mbili za kamba hao zilipewa majina: Rimicaris exoculata na Rimicaris chacei. Exoculata aliyekomaa hana macho ya mbele kama kamba wengine. Badala yake ana mabaka mawili yang'aayo chini ya gamba la mgongo, ambayo huweza kutambua mwanga hafifu. Gamba lake limetuna ubavuni, na ndani yake mna vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo humlisha kwa nguvu wazipatazo katika madini ya chemchemi. Chacei hakutuna hivyo. Kwa tofauti hizo mwaka 1990 alihamishiwa katika ukoo mwingine, Chorocaris, na mwaka 2015 akarudishwa katika ukoo wake wa kwanza.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kamba wadogo wenye rangi ya machungwa, waliokaa pamoja na hao wakubwa. Umbo lao lilikuwa geni. Basi mwaka 1996 bingwa mmoja Mrusi, A. L. Vereshchaka, aliwaandika kuwa ukoo mpya kabisa, Iorania concordia. Lakini mwaka 1998 Timothy Shank na wenzake walichunguza DNA, yaani alama za urithi ambazo kila kiumbe hupokea kutoka kwa wazazi wake. Alama za wale wadogo zilikuwa zile zile za exoculata. Kumbe walikuwa watoto wake! Rangi yao hutokana na mafuta ya chakula cha tabaka za juu za bahari; wakuapo, rangi hiyo hufifia na gamba hutuna. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, ingawa hawakusema kwamba sura zao lazima zifanane.

Jambo la kinyume lilitokea katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2000 wataalamu wa Japani waligundua chemchemi ya Kairei, yenye kina cha mita 2,400 hivi. Kamba wa huko walifanana mno na exoculata, lakini walipochunguzwa kwa makini walionekana kuwa aina yao peke yao, na mwaka 2002 wakaitwa Rimicaris kairei.

Huenda msomaji akauliza: majina hayo yana faida gani? Chemchemi hizo hujenga miamba yenye shaba, zinki na dhahabu. Tangu mwaka 2011 mataifa kadhaa yamepewa mikataba ya kutafuta madini ya namna hiyo na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika. Karani aandikaye mtu mmoja mara mbili huongeza hesabu isiyokuwapo. Naye aandikaye watu wawili kwa jina moja humfuta mmoja wao. Aina ya kamba isiyoandikwa kwa jina lake yaweza kuangamia, na katika daftari isionekane kwamba kuna kilichopungua.