Mbegu ya mtama na njia za wakwe mteremkoni mwa Mlima Kenya

MKULIMA wa mtama katika nyanda kavu za mashariki ya Mlima Kenya anapoishiwa na mbegu huku mvua ikikaribia, mara nyingi haendi dukani. Humwendea mama mkwe, wifi au jirani ambaye naye aliolewa katika kijiji hicho hicho. Punje anazopewa huandamana na maneno: jina la mbegu, muda inaochukua kukomaa, udongo unaoifaa na kama ndege huishambulia. Kwa hiyo anayefuatilia safari ya mbegu huwa anafuatilia pia safari ya habari.

Safari hiyo imechunguzwa kwa makini na wataalamu wa fani mbalimbali, miongoni mwao Vanesse Labeyrie na Christian Leclerc wa CIRAD, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa kilimo, pamoja na Zachary Muthamia wa benki ya mbegu ya taifa ya Kenya. Matokeo yao yalichapishwa katika majarida ya kisayansi mwaka 2014 na 2016. Kazi hiyo iliunganisha elimu ya vinasaba, elimu ya jamii na hesabu za takwimu, fani ambazo ni nadra kukutana katika shamba moja.

Eneo walilolichagua ni lile ambamo Wachuka, Watharaka na Wambeere wanaishi bega kwa bega. Wachuka na Watharaka huhesabiwa katika jamii kubwa ya Wameru, na hadi mwaka 1992 maeneo yao yalikuwa chini ya wilaya ya Meru. Leo yamo katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Wambeere wako karibu zaidi na Waembu, na kaunti yao ni Embu. Mvua inayowanyeshea ni moja, na lahaja zao zinakaribiana. Mtu angetarajia kwamba mbegu nzuri iliyopatikana upande mmoja ingevuka hadi wa pili bila kizuizi.

Sivyo ilivyokuwa. Katika utafiti wa kwanza, kaya 130 zilitembelewa na mimea 297 ikapimwa. Mimea hiyo ilitokana na mbegu zenye majina 16, na kila mmoja ulichunguzwa kwa alama 18 za vinasaba na sifa 15 za umbo. Ilidhihirika kwamba mgawanyo wa majina ya mbegu za asili, na hata wa vinasaba kwa jumla, ulilingana na mipaka ya makundi ya watu. Mtama ulikuwa umebeba alama ya jamii inayoulima, ingawa hakuna ukuta wowote unaozitenganisha jamii hizo.

Utafiti wa pili uliuliza sababu. Wataalamu waliorodhesha nani alimpa nani mbegu, wakachora mtandao mzima, kisha wakatumia vielelezo vya takwimu kupima ni kwa kiasi gani watu hupeana mbegu na wenzao wa kundi lao kuliko ambavyo ingetukia kwa bahati nasibu. Mwelekeo huo ulionekana katika ngazi mbili: katika makazi, na katika jamii kubwa ya lugha.

Jibu lilikuwa katika ndoa. Mbegu nyingi hubadilishana mikono miongoni mwa wanawake, na mwanamke anapoolewa huhamia kwa mumewe. Huko hupata mbegu kwa wakwe zake, na hivyo mbegu za mahali pamoja huzunguka papo hapo. Katika ngazi ya pili, wengi huoa ndani ya jamii yao. Wachuka na Watharaka huoana mara kwa mara, na mbegu hupita kati yao. Ndoa kati ya makundi hayo na Wambeere ni chache, na mbegu nazo ni chache. Pale ambapo harusi hazivuki, mtama nao hauvuki.

Jambo hili lina uzito kwa wanaosambaza mbegu bora. Utafiti mashuhuri wa Bryce Ryan na Neal Gross kuhusu mahindi chotara huko Iowa, Marekani, uliochapishwa mwaka 1943, ulionyesha kwamba wakulima wengi walisikia habari za mbegu mpya kutoka kwa wachuuzi, lakini jirani ndiye aliyewashawishi kuipanda. Chini ya Mlima Kenya, jirani huyo mara nyingi ni mwanamke. Afisa wa kilimo anayekabidhi mifuko kwa wazee wa kiume barazani amewapa watu ambao kwa kawaida si wao wanaopitisha mbegu. Na akikomea kijiji kimoja, au jamii moja, asishangae mbegu ikikwama hapo.

Kuna hatari nyingine wakati wa ukame. Familia iliyopoteza mbegu hukimbilia jamaa. Ikiwa jamaa wote wanalima bonde hilo hilo, basi nao wamepoteza. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba habari mpya aghalabu hutoka kwa watu tunaojuana nao kijuujuu, kwa kuwa wa karibu wanajua yale tunayoyajua sisi. Kwa mkulima wa mtama, shemeji aliyeolewa mbali anaweza kuwa na thamani kuliko majirani kumi.

Soko nalo lina mtandao wake, ambao hauulizi ukoo. Viwanda vya bia vilipoanza kununua mtama wa Gadam, unaokomaa mapema, mbegu na habari za bei zilifika kwa wakulima wa pande zote. Lakini mtandao huo ulitegemea mnunuzi mkubwa. Mwaka 2013 serikali ilipotoza ushuru wa asilimia 50 kwa bia ya keg, mauzo yake yaliporomoka na wakulima wakakosa pa kuupeleka mtama wao.

Pengine kilichowashangaza wengi ni habari ya majina. Kati ya mbegu mbili za kisasa zilizokutwa mashambani, ile iliyoingia karibuni zaidi mara nyingi iliitwa kwa majina ya mbegu za asili. Ile ya pili, iliyokuwa na takriban miaka 12 tangu ifike, ilikuwa imeanza kuchanganyika na mtama wa kienyeji, kwa kiwango kilichotofautiana kati ya jamii na jamii. Ofisa anayehesabu mafanikio ya mradi kwa kuuliza majina tu anaweza kuandika katika ripoti yake kwamba wananchi waliikataa mbegu, kumbe imesimama shambani mbele yake ikiitwa jina la bibi.