MKONO WA MRUSHAJI: MAZOEZI YA KRIKETI

Wenzangu, mchezo wa kriketi bado ni mgeni katika skuli yetu, na wengi wanaoutazama wakiwa kivulini hudhani kwamba kazi yote ni ya mpigaji. Mimi nasema sivyo. Mpigaji hupendeza macho, lakini mrushaji ndiye anayeshinda mchezo. Mwezi wa Januari mwaka 2023 wasichana wa Rwanda wasiozidi miaka 19 walikuwa Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la umri huo. Dhidi ya Zimbabwe walipata mikimbio 119, ambayo si mingi hata kidogo. Kisha wakawatoa Zimbabwe wote kwa mikimbio 80. Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne iliyofuatana! Dada huyo alikulia nchi hii hii, na kiwanja chetu cha kriketi cha Gahanga, hapa Kigali, kilifunguliwa mwaka 2017 tu.

Nina sababu ya kuandika haya sasa. Muhula uliopita mdogo wetu mmoja, mwenye mkono wenye nguvu kupita wote skulini, alikatazwa na mwamuzi mara tatu katika mchezo mmoja kwa kuwa kiwiko chake kilikunjuka. Tangu siku ile hataki kushika mpira tena. Sisi wakubwa tunaondoka mwisho wa mwaka huu, na mtu wa kuchukua nafasi yetu ni yeye.

Basi, kwanza tutofautishe maneno. Kutupa ni kile tunachofanya sote tangu utotoni tunapoangusha maembe kwa jiwe: kiwiko hukunjwa, kisha hufyatuka. Kurusha ni kuuzungusha mkono ulionyooka, mfano wa gurudumu, na kuuachia mpira juu ya kichwa. Sheria yataka kiwiko kisinyooke baada ya mkono kufika usawa wa bega. Kwa kuwa mkono wa binadamu hauwezi kuwa chuma, wakubwa wa mchezo duniani wameruhusu nyuzi 15, wala si zaidi. Hata Muralitharan wa Sri Lanka, aliyezaliwa na kiwiko kisichonyooka sawasawa, alikatazwa na mwamuzi huko Melbourne mwaka 1995. Alipimwa, akaruhusiwa, na alipostaafu michezo mikubwa mwaka 2010 alikuwa amewatoa wapigaji 800. Kwa hiyo kukatazwa si mwisho wa mrushaji.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji mpira. Simama karibu na ukuta mrefu, ukuta uwe upande wa mkono unaorushia, shubiri moja kutoka begani. Zungusha mkono polepole: ushuke kupita nyonga, urudi nyuma, upande juu uguse sikio, kisha ushuke mbele na kuishia kwenye nyonga ya upande wa pili. Vidole vikikwaruza ukuta, ujue mkono wako unatoka nje ya njia. Mkono wa pili nao usilale. Uinuliwe juu mbele yako, utazame shabaha kando yake, kisha uuvute chini kwa nguvu. Huo ndio unaouvuta ule unaorusha. Fanya hivyo mara ishirini asubuhi kabla ya kuoga. Watu watakucheka, waache wacheke.

Kisha piga goti. Anayerushia mkono wa kulia aweke goti la kulia chini na mguu wa kushoto mbele, na mwenzake akae hatua kumi mbele yake. Miguu haiwezi kusaidia wala kudanganya hapo, na kosa lolote litakuwa la bega au la kiganja. Mpira ukienda juu sana, umeuachia mapema. Ukijigonga karibu na goti lako, umechelewa. Hakuna mwalimu anayeweza kukueleza wakati wa kuachia upesi kuliko mpira wenyewe.

Sasa kiganja. Mpira wa kriketi una mshono katikati. Shahada na kidole cha kati hukaa huku na huku ya mshono, na kidole gumba hukaa chini yake. Wakati wa kuachia, kiganja kiwe nyuma ya mpira, na vidole hivyo viwili viwe vya mwisho kuugusa. Mshono ukisafiri wima, mpira waweza kupinda hewani, au kugeuka ukigonga ardhi. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,500, na hewa nyepesi hupindisha mpira kidogo kuliko hewa ya pwani. Kwa hiyo mshono usipotulia hatuna tunachotegemea. Mpira halisi ni ghali. Chukua mpira wa tenisi, uzungushie mstari wa rangi katikati, uwe mshono wako. Mstari ukiyumba angani, rudi kwenye goti.

Na hapa vilima vyetu vinatufaa. Rusha ukielekea mwinuko, nao mpira utakurudia wenyewe. Hata asiye na mwenzi aweza kufanya mazoezi. Tandika kitambaa mahali unapotaka mpira ugonge. Kiwanjani mahali hapo ni kama hatua sita mbele ya vijiti vya mpigaji.

Mbio ziwe za mwisho kabisa. Wadogo wengi huanza nazo, maana mbio zina fahari, na mkono mbovu ukikimbizwa hubaki mbovu. Kwa majuma mawili simama tu, kisha ongeza hatua tatu, halafu sita.

Jambo moja la afya: mgongo wa kijana anayekua huweza kupata ufa katika mfupa kwa kurusha kupita kiasi. Mimi nimejiwekea mipira 36 kwa siku, yaani ova sita, na siku ya kupumzika kati ya siku mbili. Ukisikia maumivu chini ya mgongo, acha, umwambie mwalimu.

Mipira minne ya tenisi yenye mstari mweupe imo katika sanduku langu bwenini. Anayetaka na aje saa kumi na nusu jioni, nyuma ya jiko, penye ukuta mrefu.