Jirani Amepata Arafa, Wewe Hukupata: Angalia Haya

Wakazi wawili wa Kondele wanaweza kuishi ploti moja na kujiandikisha siku moja kupokea ilani kwa simu, lakini mmoja akapata ujumbe na mwingine akakosa. Ilani ikiwa ya mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti, aliyekosa amepoteza nafasi ya kusikika. Ikiwa ni tahadhari ya mafuriko, naye ana wazazi Nyando, hasara ni kubwa zaidi.

Ujumbe ukiwafikia wengine, huenda mtandao haujaanguka. Mara nyingi kasoro iko kwenye orodha, kwenye laini au kwenye simu ya aliyekosa.

Nambari kwenye orodha

Tarakimu moja ikikosewa, ujumbe humwendea mtu mwingine au haumfikii yeyote. Tangu 2019 kuna laini zinazoanza na 01, lakini kwa mazoea baadhi ya waandikishaji huandika 07. Wapo pia waliobadilisha laini bila kutoa taarifa.

Laini

Tangu 2011 mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine ya simu na kubaki na nambari yake. Mtambo unaotuma kwa kuangalia tarakimu za mwanzo pekee huupeleka ujumbe kwa kampuni aliyoihama. Aidha, aliyezuia jumbe za matangazo ya biashara huenda amezuia na ilani za umma bila kujua, kwa kuwa zote hutumwa kwa wingi.

Simu

Simu ikizimwa, ujumbe husubiri kwenye mtambo wa kampuni kwa muda maalumu, kisha hufutwa. Simu ndogo iliyojaa jumbe za zamani haipokei mpya. Kwenye simu janja, ujumbe unaweza kuingia pamoja na jumbe taka bila mlio wowote.

Hatua za kuchukua

1. Mwombe mtu akutumie arafa ya kawaida. Isipofika, futa jumbe za zamani, kisha uzime simu na kuiwasha.
2. Ikifika, tafuta ilani uliyokosa kati ya jumbe taka na zilizozuiwa.
3. Usipoiona, piga 100 kwa Safaricom au Airtel uulize kama jumbe za matangazo zimezuiwa kwenye laini yako.
4. Ikiwa hazijazuiwa, nenda ulikojiandikishia ukahakikishe nambari yako, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa ulihama kampuni, sema.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Kazi hiyo haihitaji PIN ya M-Pesa. Anayekuitisha PIN ni tapeli.

Hadi kasoro itakapotatuliwa, usitegemee simu peke yake. Uliza kwa msimamizi wa wadi au kwenye baraza la chifu. Nawe uliyepata ilani, mjulishe jirani.